Samaki wa vidimbwi vya Pwani na siri ya kuwafuga nyumbani

MVUA za masika zinapoishukia Pwani ya Kenya kati ya Machi na Mei, vidimbwi hutokea kila mahali: kando ya barabara, katika mabonde ya mpunga, na hasa penye udongo mweusi unaonata viatuni. Ng'ombe huyanywa maji hayo, na wenye nyumba hulalamikia mbu. Ni wachache wanaoinama kuyatazama.

Hata hivyo, wiki chache baadaye, ndani ya maji hayo yenye rangi ya chai ya maziwa, huwa mnaogelea samaki wenye urefu wa kidole. Jike ana rangi ya udongo, hana la kuvutia. Dume, kwa upande wake, amejipamba kama bwana harusi: mwili wa samawati au kijani, magamba yaliyotiwa ukingo mwekundu, na mkia unaowaka kama kaa la moto.

Hakuna mto unaoingia katika kidimbwi hicho, wala hakuna aliyewapanda samaki hao. Miezi miwili awali, pahali papo hapo palikuwa pakavu, pana nyufa za kuingia mguu. Si ajabu kwamba wapo wanaoamini kuwa samaki hao walidondoka pamoja na mvua. Ukweli ni kuwa walikuwa chini ya nyayo za wapita njia muda wote huo, wakiwa mayai.

Wanasayansi huwaita Nothobranchius, jina lililotolewa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka wa 1868. Wafugaji wa samaki wa mapambo hulifupisha na kuwaita notho. Wao ni sehemu ya kundi kubwa ambalo Wazungu huliita "killi". Mkenya akilisikia jina hilo huenda akadhani limetokana na Kilifi, na kwa kweli samaki hao wako Kilifi, lakini asili yake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya kijito.

Maisha ya notho ni mbio dhidi ya jua. Kidimbwi kikijaa, mayai huanguliwa katika muda wa saa chache tu. Vifaranga hula bila kupumzika, na katika wiki chache huwa wamekomaa na kuanza kuzaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu aina mojawapo, N. furzeri, ulibainisha kwamba porini samaki huyo anaweza kukomaa akiwa na umri wa siku 14. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa upesi kuliko hapo.

Tangu siku hiyo, dume na jike hushinda wakibanana kwenye tope la chini, na kila mara yai moja huachwa humo. Kidimbwi kikikauka, wazazi wote hufa. Hakuna anayenusurika. Kizazi kizima hubaki kikiwa chembe zenye upana wa milimita moja, zilizofukiwa katika udongo.

La kustaajabisha zaidi ni jinsi chembe hizo zinavyongoja. Yai la notho laweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu: mwanzoni kabisa, katikati mwili unapokuwa umeanza kujengeka, na mwishoni kifaranga akiwa tayari kutoka. Tena si mayai yote yanayosimama kwa muda sawa. Manyunyu ya kupotosha yakinyesha na kidimbwi kikakauka upesi, vifaranga waliotangulia hufa, ilhali ndugu zao waliobaki usingizini huisubiri mvua ya kweli. Mkulima aliyewahi kupanda mbegu zote katika mvua ya kwanza na kupata hasara ataielewa hekima hiyo bila kufafanuliwa.

Ni sifa hiyo ya mayai iliyowafanya samaki hawa kuwa wageni wa heshima katika sebule za Ujerumani, Ucheki, Uingereza na Marekani. Samaki wa kawaida husafirishwa ndani ya mifuko ya maji na hewa, kwa gharama na hofu kubwa. Notho husafiri ndani ya bahasha. Mfugaji hutia kiganja cha udongo wenye unyevu na mayai kwenye kifuko cha plastiki, akaandika tarehe na kutuma kwa posta. Anayepokea hungoja hadi siku iliyotajwa, akamimina maji, na jioni akawa na samaki.

Vyama vya wafugaji wa killi viliundwa Marekani, Uingereza na Ujerumani katika miaka ya 1960, na vilijiwekea kanuni moja ambayo imefaa kuliko mashindano yao yote ya urembo wa samaki: kila samaki huandikiwa jina la kidimbwi alikotoka, wala hachanganywi na wa kidimbwi kingine, hata kama wanafanana kama reale kwa ya pili.

Kwa sababu hiyo, mtu asiyewahi kukanyaga Afrika Mashariki hutamka majina ya huku kila siku. N. interruptus, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka wa 1979, hujulikana kwa jina la Kikambala. N. foerschi ni wa Soga, nchini Tanzania. N. eggersi ni wa Ruhoi, katika bonde la Rufiji. N. korthausae ni wa Mafia, naye N. guentheri ni wa Unguja. Mtoto wa Kikambala pengine hajui kwamba jina la kijiji chao limebandikwa kwenye vioo vya sebule za mbali.

Iwapo yupo anayeuona mtindo huo kuwa mchezo wa wastaafu wasio na kazi, basi na aitafakari habari ya N. furzeri. Samaki huyo alikusanywa mwaka wa 1968 katika eneo la Gonarezhou, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, na Mmarekani Richard Furzer, ambaye alipewa heshima ya jina. Baada ya hapo, wafugaji wa nyumbani waliendelea kuwazalisha kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 30, bila malipo na bila mtu yeyote kuwauliza.

Mwaka wa 2003, watafiti walichapisha ripoti kwamba samaki wa ukoo huo huzeeka na kufa katika muda wa wiki 12 hivi. Huzeeka hasa: rangi hufifia, mgongo hupinda, kumbukumbu hupungua. Kwa wanaochunguza kiini cha uzee wa binadamu, hiyo ilikuwa hidaya. Panya huhitaji miaka miwili au mitatu ili kuzeeka. Orodha kamili ya chembe za urithi za samaki huyo ilichapishwa mwaka wa 2015, na leo anafugwa katika maabara za Jena na Cologne nchini Ujerumani, Stanford kule Marekani na kwingineko. Ukoo wenyewe haungekuwapo lau si matangi ya sebuleni.

Huku nyumbani, hali ya vidimbwi si ya kuridhisha. Kidimbwi hakina ulinzi kwa sababu hakuna anayekihesabu kuwa kitu. Kwa mwenye ploti ni kero ya kujazwa kifusi, kwa mhandisi ni shimo la kuzibwa, na kwa mkulima ni mahali pa kuoshea bomba la dawa ya wadudu. Aina nyingi za notho huishi katika eneo dogo mno, na ikitokea kwamba vidimbwi vyake vichache vikajengewa, basi aina hiyo imekwisha.

Katika miaka hii ya 2020 wanasayansi walimtangaza N. sylvaticus, notho anayeishi katika maji ya msimu ndani ya msitu wa Gongoni, Kaunti ya Kwale. Ndiye wa kwanza kujulikana kuwa anapatikana ndani ya msitu wa Afrika Mashariki pekee. Waliomtangaza walimweka papo hapo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwa lugha nyingine, amepewa jina akiwa kitandani mwa wagonjwa mahututi.

Je, mtu wa kawaida aweza kuwafuga? Aweza, na kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Tangi la kioo la lita 20 hadi 40 latosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume wawili katika tangi dogo huumizana, nalo jike akiwa peke yake husumbuliwa na dume hadi akakonda. Ni lazima tangi liwe na kifuniko, kwa maana notho huruka. Joto la maji la kati ya nyuzi 22 na 26 linawafaa. Mombasa, kipasha joto hakihitajiki kamwe. Nairobi na Nakuru, hasa mwezi wa Julai, kinahitajika.

Maji ya mfereji huwa na klorini, ambayo ni sumu kwa samaki. Yaachwe ndooni siku nzima kabla ya kutumika, au yatiwe dawa ya kuiondoa inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kosa linaloua samaki wengi wa wanaoanza, hata hivyo, si klorini bali ni haraka. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo huondolewa na bakteria wanaojenga makao katika kichungi na mchangani. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutosha. Anayenunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki Jumapili huwazika Ijumaa.

Notho anataka chakula chenye uhai au nyama. Hapa tena mkaazi wa Afrika Mashariki ana bahati, kwani viluwiluwi vya mbu ambavyo Mzungu huvitafuta kwa shida viko katika kila pipa lililoachwa wazi. Samaki mmoja huvila kwa makumi kwa siku. Inafaa tu mfugaji asivizidishe kuliko vinavyoliwa, asije akawafugia majirani mbu.

Ugonjwa unaowaandama zaidi ni ule unaoufunika mwili kwa vumbi la rangi ya dhahabu, kana kwamba samaki amenyunyiziwa unga wa manjano. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, na huweza kuumaliza ukoo mzima kwa siku chache. Kinga ya wafugaji wa miaka mingi ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita 5 za maji, tangu siku ya kwanza.

Uzazi ndio kiini cha shughuli yenyewe. Ndani ya tangi huwekwa kopo lenye mboji laini, au nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa na kusuuzwa hadi maji yakatoka safi, kina cha sentimita 2 au 3. Samaki hulipata kopo hilo wenyewe. Baada ya wiki moja au mbili, makumbi hayo hutolewa, yakaminywa taratibu katika kitambaa, kisha yakatandazwa juu ya karatasi za gazeti hadi yabaki na unyevu kama wa tumbaku ya kiko. Yakilowa mno mayai huoza, nayo yakikauka kabisa hunywea.

Kisha hutiwa katika kifuko cha plastiki na kuwekwa kabatini. Ni hapa panapohitajika subira. Mayai ya N. guentheri wa Unguja huchukua takriban miezi mitatu, ilhali aina nyingine huchukua sita au zaidi. Mfugaji mzuri hukifungua kifuko mara moja moja na kulitazama yai kwa kioo cha kukuzia. Macho ya kifaranga yakionekana ndani yake, yamezingirwa na duara la dhahabu, wakati umewadia.

Mayai humwagiwa maji baridi kiasi, ya nyuzi 18 hivi, yenye kina cha vidole vitatu. Baridi hiyo huiga mvua. Wenye haraka, waliomwaga maji kabla ya yai kukomaa, hupata vifaranga wanaojiburura chini kwa tumbo na wasioweza kupanda juu. Hao hawaponi. Walio wazima hulishwa siku hiyo hiyo, na chakula chao ni vifaranga vya artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi ambaye mayai yake makavu huuzwa kwa makopo na huanguliwa kwa siku moja katika maji ya chumvi. Wakilishwa mara mbili au tatu kwa siku, madume huanza kuonyesha rangi baada ya mwezi mmoja.

Makumbi yaliyotumika yasitupwe. Yakikaushwa tena na kumwagiwa maji baada ya wiki kadhaa, mara nyingi hutoka kundi la pili, wale waliokataa kuiamini mvua ya kwanza.

Mfugaji wa notho hana budi kuuzoea msiba. Samaki wake watakufa katika muda wa miezi sita hadi mwaka mmoja, hata akiwatunza kwa namna gani. Asiyekuwa na kifuko kabatini siku hiyo hana tena samaki.

Kwa asiyependa kuagana mara kwa mara, wapo uduvi wa maji baridi. Wanaofugwa zaidi ni wale wekundu wenye asili ya China na Taiwan, ambao wafugaji wamewachagua kwa rangi hadi wakapata wekundu kama damu, wa manjano, na wa samawati. Porini walikuwa wa rangi ya hudhurungi tu, na wa rangi mbalimbali wakichanganywa tangini, wajukuu hurudia rangi hiyo ya asili.

Uduvi hawa hawatakiwi kuwekwa pamoja na notho. Watakuwa kitoweo. Wawekewe tangi lao, hata la lita 20, lenye mimea ya majini au kuvumwani kwingi. Hula utando wa kijani unaoota kwenye vioo na majani yaliyooza. Jike hubeba mayai 20 au 30 chini ya tumbo, akiyapepea kwa miguu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi. Adui yao mkubwa ni shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba, na tone la kuponya samaki laweza kuua uduvi wote kwa usiku mmoja.

Jamaa yao wa karibu yuko Ziwa Victoria, Caridina nilotica, ambaye Waluo humwita ochong'a. Huvuliwa pamoja na omena, akakaushwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Ni wa ukoo mmoja na hao wekundu wanaouzwa mmoja mmoja katika maduka ya ng'ambo.

Mfugaji asiye mwangalifu aweza kuwa balaa kwa nchi. Uduvi wekundu waliotupwa na wenyewe tayari wanaishi na kuzaana katika kijito chenye maji moto karibu na Cologne, Ujerumani. Kenya haihitaji kufunzwa na Ujerumani, maadamu Naivasha iko karibu. Kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani waliingizwa katika ziwa hilo mwaka wa 1970 kwa nia ya biashara, na baada ya miaka michache walikuwa wameila mimea ya majini ikakaribia kwisha.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, samaki wa Kimarekani aitwaye besi alikuwa amepandwa humo ili walowezi wapate burudani ya kuvua. Ziwa hilo lilikuwa na samaki wake mmoja tu wa asili, kisamaki kidogo cha jamii ya hao hao killi. Alionekana mara ya mwisho mwaka wa 1962. Hakuna aliyekuwa na jozi yake katika tangi.

Fulu wa Ziwa Victoria walikuwa na bahati kidogo. Mbuta walipofurika ziwani katika miaka ya 1980 na aina nyingi za fulu zikatoweka, chache miongoni mwao zilikuwa tayari zimechukuliwa na watafiti, hifadhi za wanyama na wafugaji wa nyumbani wa ng'ambo. Vizazi vyao vingali hai ndani ya vioo. Kuwarudisha ziwani ni jambo jingine, kwani waliowala bado wamo.

Kwa hivyo, anayetaka kuanza hafai kuchukua jembe na kwenda kuchimba kidimbwi cha Kikambala. Kuwatoa samaki porini kwa biashara au kuwapeleka nje kunahitaji vibali vya serikali, na kidimbwi kilichobaki na samaki wachache chaweza kumalizwa na wavu mmoja. Mayai hupatikana kwa wafugaji wengine, yakiwa na jina la mahali na tarehe. Jina hilo lihifadhiwe. Samaki aliyepoteza jina la kidimbwi chake ni pambo tu, wala hana faida kwa atakayetaka siku moja kujua wa Kikambala walikuwaje.

Samaki na uduvi wanaozidi wapewe mfugaji mwingine, wala wasimwagwe mtoni, bwawani wala katika mtaro wa mvua, hata kama ni wa aina ya humu nchini. Nayo maji machafu ya tangi, ambayo huweza kubeba mayai na vijidudu visivyoonekana, yamwagwe kwenye udongo mkavu wa bustani, mbali na mfereji. Mboga huyapenda.